Tiketi Yako Inakuruhusu Kupita Njia Ipi?

NEEMA: Mbukwenyi wasikilizaji! Mimi ni Neema, niko hapa Dodoma na kaka yangu Mazengo. Kaka, wiki hii ujumbe ulioniingia moyoni ni wa mama mmoja wa Mpwapwa. Anauliza: nikiwa na tiketi ya SGR, ile reli mpya ya kisasa, ya Dar kuja Dodoma, naweza kushuka Gulwe, stesheni ya kwetu njiani?

MAZENGO: Swali zuri sana hilo, dada. Watu wengi tunakata tiketi tukiangalia bei na saa tu. Yale mengine yaliyoandikwa pale hatuyasomi mpaka tukutane na mkaguzi.

NEEMA: Gulwe tutairudia. Nianze na mdogo wangu aliyeko Uingereza, maana kilichompata ndicho kilichonifungua macho. Anaishi Cambridge, anafanya kazi London. Kutoka Cambridge kuingia London kuna njia mbili: moja inaishia King's Cross, nyingine Liverpool Street. Siku hiyo alinunua tiketi ya bei nafuu ya kampuni moja tu, inayokwenda Liverpool Street. Akachelewa, akaona treni ya King's Cross inaondoka, akairukia. Kwake London ni London.

MAZENGO: Mkaguzi akamfikia.

NEEMA: Akamfikia, akalipishwa upya. Alinipigia simu amekasirika, anasema ameonewa. Nikamwambia nisomee hiyo tiketi neno kwa neno. Kumbe jina la kampuni lilikuwa limeandikwa pale pale.

MAZENGO: Pole yake. Na asidanganywe na neno moja la kwenye tiketi za huko: "London Terminals", yaani stesheni kuu za London. Mtu akiliona anadhani anaweza kushukia stesheni kuu yoyote ya London. Hapana. Ni zile tu zinazofikika kwa njia ambayo tiketi yake inaikubali. Kama imeandikwa "Any Permitted", yaani njia yoyote inayokubalika, hapo ana nafasi zaidi: mtu wa Cambridge anaweza kutumia King's Cross au Liverpool Street.

NEEMA: Na nani anaamua njia inayokubalika?

MAZENGO: Kuna kanuni za nchi nzima. Treni ya moja kwa moja ya kawaida kati ya stesheni zako mbili inakubalika. Njia fupi kuliko zote ya reli inakubalika, na hata njia inayoizidi hiyo kwa si zaidi ya maili 3, yaani kama kilomita 4.8. Halafu kuna mwongozo mzima wenye ramani za njia nyingine. Ila tiketi ikitaja njia au kampuni, unafuata tiketi. Na ile ya bei ya chini inayokatwa mapema ni ya treni uliyopangiwa. Ukiachwa na treni yako kwa uzembe wako, tiketi imekwenda.

NEEMA: Mbona sisi hatuna mwongozo wa namna hiyo?

MAZENGO: Kwa sababu reli yao ni wavu, yetu ni mti. Kwenye wavu unaweza kufika sehemu moja kwa njia tano, basi lazima mtu akwambie ipi ni halali. Kwenye mti kuna shina na matawi. Reli ya kati, ile iliyofika Kigoma mwaka 1914, ukiipanda hapa unapita Bahi, Manyoni, Itigi, mpaka Tabora. Huna pa kuchepukia kwenda Tabora. Swali la njia linakuja Tabora penyewe: tawi moja Kigoma, jingine Mwanza kupitia Isaka. Na la Mpanda linachomoka Kaliua.

NEEMA: Tabora! Nakumbuka hadithi ya shangazi yako.

MAZENGO: Shangazi alikuwa anakwenda Mwanza. Kwa miaka mingi treni ikifika Tabora mabehewa yamekuwa yakigawanywa, haya Kigoma, yale Mwanza. Yeye akaenda behewa la rafiki yake kupiga soga, usingizi ukamchukua huko huko. Alipozinduka yuko Urambo, kwenye njia ya Kigoma. Mizigo, pamoja na kuku aliokuwa anampelekea mkwewe, iko njiani kwenda Mwanza. Tiketi yake ilikuwa halali kabisa, behewa ndilo halikuwa lake. Mimi nasema namba ya behewa ni sehemu ya njia.

NEEMA: Maskini. Basi turudi huku kwetu, maana kati ya Dar na Dodoma mti umeota mashina mawili.

MAZENGO: Na hapa ndipo watu wanakwama. Tangu Julai 2024 SGR inafika Dodoma. Reli ya zamani ina upana wa mita 1, ya SGR milimita 1,435, kwa hiyo treni ya huku haiwezi kupita kule. Ni reli mbili zenye stesheni zake, na tiketi ya moja haikupi kiti kwenye nyingine. Hapa Dodoma stesheni ya zamani iko mjini, ile ya SGR siyo hiyo. Bodaboda akikuuliza "stesheni ipi?", mjibu kwa uhakika.

NEEMA: Na ndani ya SGR yenyewe?

MAZENGO: Kuna treni ya kawaida, nauli yake Dar–Dodoma ilianza kwa shilingi 31,000, na ya haraka ilianza kwa 40,000. Ya haraka haisimami kila stesheni. Kwa hiyo tazama vitu hivi: treni, tarehe na saa, stesheni ya kupandia na ya kushukia, behewa, kiti. Na kitambulisho chako kilingane na jina lililoandikwa.

NEEMA: Basi mama yetu wa Mpwapwa tumjibu.

MAZENGO: Mama, shikamoo. Gulwe ni stesheni ya SGR na ndiyo mlango wako. Usikate ya Dodoma kwa kudhani utateremka tu njiani. Kata inayosema Gulwe, na kabla ya kulipa uliza: treni hii, siku hii, inasimama Gulwe? Ukiambiwa haisimami, chukua nyingine. Vinginevyo utapitishwa mpaka Dodoma, na kurudi Mpwapwa ni nauli nyingine na nusu siku imepotea.

NEEMA: Na mwambie atakayempokea awe na usafiri, kutoka Gulwe hadi Mpwapwa mjini bado kuna kipande cha barabara.

MAZENGO: Kweli, hasa akija na mizigo.