Nyuzi 43 na jasho hulioni: kiangazi kikavu cha Phoenix

Haya ndugu zangu, hamjambo huko. Hapa Phoenix, Arizona, ni saa nane mchana, kwa hiyo Dar, Mombasa na Nairobi ni saa sita usiku, na Goma na Bujumbura ni saa tano. Msinionee huruma mimi, ionyesheni huruma simu hii inayowarushia video mubashara. Simu nyingi zimetengenezwa kwa hewa isiyozidi nyuzi 35, na hapa chini ya kibanda cha gari, kivulini kabisa, ni 43. Tuna dakika chache kabla haijagoma.

Hilo la saa liandikeni ukutani, maana wenye ndugu New York wanateseka: mara tofauti ni saa saba, mara nane, kwa kuwa kule saa husogezwa mbele wakati wa kiangazi. Arizona haisogezi saa tangu 1968, ukiacha eneo la Wanavajo, wenyeji asilia, kule kaskazini-mashariki. Sababu ni jua. Mwezi Juni linatua kama saa mbili kasoro dakika ishirini. Wakisogeza saa mbele lingetua saa mbili na dakika arobaini, na hapa hakuna mtu anayeomba aongezewe jua. Kwa hiyo sisi na Afrika Mashariki ni saa kumi tu, Januari hadi Desemba. Anayewapigia saa tisa usiku amewapigia makusudi.

Sasa lile swali la kila siku kwenye maoni: "Joto gani hilo, kwani Dar hakuna joto?" Lipo. Kwanza tuelewane kwenye namba. Redio ya hapa ikisema leo ni 110, hiyo si presha ya mtu, ni Farenhaiti. Ukitaka haraka, toa 30 gawa kwa 2, unapata 40 za Selsiasi. Jibu kamili ni 43, kanuni hiyo inapunja kidogo joto likiwa kubwa, lakini kwa mazungumzo inatosha. Mwaka 2023 mji huu ulikaa siku 31 mfululizo za 110 au zaidi. Rekodi ni 122, yaani nyuzi 50, Juni 26, 1990. Siku hiyo uwanja wa ndege ulisimamisha safari kwa muda, kwa sababu majedwali ya marubani ya kupiga hesabu ya kuruka yaliishia 120. Hewa ya moto ni nyepesi, bawa halina cha kushika.

Lakini tofauti yenyewe haiko kwenye namba. Dar ya Februari, nyuzi 32, hewa imeshiba maji. Jasho linatoka, halina pa kwenda, linatiririka mgongoni hadi kiunoni. Hapa Juni mchana unyevu unashuka chini ya asilimia 10. Hewa ina kiu kuliko wewe. Jasho linatoka na kunyakuliwa kabla hujaliona, na ngozi inabaki kavu kana kwamba umekaa ofisini. Ndiyo maana wageni wanaanguka: wanasubiri jasho liwaambie wanywe maji. Angalieni hii fulana nyeusi, sogea karibu. Mnaona huu mchoro mweupe mgongoni, kama ramani ya pwani? Hiyo ni chumvi. Maji yameshaenda, imebaki risiti.

Kipimo cha kuaminika kiko chooni. Mkojo wa rangi ya maji ya limau, uko salama. Wa rangi ya chai ya rangi, umechelewa. Anayefanya kazi juani anywe robo lita kila dakika 15 hadi 20, si kukaa mpaka saa sita mchana akabugia lita mbili kwa pamoja. Na kama umetoka jasho kwa saa nyingi, maji matupu hayatoshi. Lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kufutwa juu, si vya mlima. Onja. Ikiwa na chumvi kuliko machozi, mwaga, anza upya. Na mtu wa kazini akianza kuongea yasiyoeleweka au kupepesuka kama mlevi, usimnyweshe kitu, atapaliwa. Piga 911, namba ya dharura ya hapa, mtoe juani, mmwagie maji baridi mwili mzima papo hapo mkisubiri gari.

Tuje kwenye kitu ninachokipenda kuliko vyote katika mji huu. Kamera juu. Lile sanduku la bati juu ya paa la jirani, lenye matundu kama feni ya matatu ya zamani, si kiyoyozi. Ni mtungi. Wenyeji wanakiita kipoza cha kinamasi, jina la ajabu, maana kinafanya kazi pale tu pasipo na kinamasi.

Mnaujua mtungi wa bibi pale kona ya jikoni: udongo unavuja kidogo, maji yanakauka kwa nje, yaliyobaki ndani yanapoa. Friji ya mkaa ya wakulima wa mboga ni kanuni hiyohiyo. Lita moja ya maji ikikauka inachukua joto la karibu uniti 0.67 ya umeme wa LUKU. Bure. Sasa chukua mtungi, uupe feni. Ndani ya sanduku kuna beseni la maji chini, boya kama la tangi la choo linalofunga maji yakijaa, pampu ndogo ya kuyapandisha, na pande za sanduku kuna pedi za nyuzi za mti zilizosokotana kama dodoki. Maji yanadondokea kwenye pedi, feni inavuta hewa ya nje ipite humo, inaingia nyumbani ikiwa mbichi. Hewa ya nyuzi 40 yenye unyevu wa asilimia 10 inatoka humo ikiwa kama 23. Umeme wake ni wa feni na pampu tu, sehemu ndogo ya unaoliwa na kiyoyozi.

Watu wanaharibu wapi? Kosa la kwanza: wanafunga madirisha, kwa mazoea ya kiyoyozi. Hewa mpya ikiingia, ya zamani itokee wapi? Ndani ya saa moja nyumba inakuwa kwapa. Acha dirisha wazi vidole viwili au vitatu kwenye chumba unachotaka kipoe, upande wa mbali na kipoza. Ukitaka baridi iende chumbani, funga la sebuleni, fungua la chumbani. Unaiongoza hewa kwa madirisha kama mkulima anavyoongoza maji kwa mifereji.

Kosa la pili ni chumvi. Sehemu ya maji ya mji huu yanatoka Mto Colorado, yanaletwa jangwani kwa mfereji wa kilomita 541, na ni maji magumu. Yanayokauka yanaacha chokaa kwenye pedi, pedi inakuwa jiwe, hewa haipiti. Badilisha pedi kila mwanzo wa msimu, na beseni liwe na kijibomba kinachomwaga maji kidogo kidogo ili chumvi isirundikane. Nyumba ikianza kunuka samaki, usimtafute paka. Panda juu ukaangalie pedi.

Na tafadhali, msiniulize kama kinaweza kupakiwa kwenye kontena la kwenda Dar au Mombasa. Kule hewa imeshashiba. Ukikiwasha utapata nyuzi 28 na godoro lenye ukungu. Dodoma wakati wa kiangazi, au Turkana, hapo tunaweza kuzungumza.

Feni peke yake, je? Hewa ikizidi joto la mwili wako, feni inakupiga kama drai ya saluni. Lowesha kanga, ikamue, jifunike mabegani, ndipo uwashe feni. Umeshakuwa mtungi.

Wengi tunaishi kwa kiyoyozi, nacho kinakufa Julai, siku fundi ana foleni ya nyumba ishirini. Mambo matatu. Filta: toa, tazama juani, usipoona mwanga, tupa. Wakati wa kiangazi badilisha kila mwezi, saizi imeandikwa ubavuni, kwa mfano inchi 20x25x1, na mshale uelekee mashine. Filta ikiziba, hewa haifiki kwenye koili, yaani mabomba yanayopoza hewa ndani, koili inaganda barafu. Ndiyo, barafu, nje kukiwa nyuzi 45. Hapo usiigonge kwa bisibisi. Zima upozaji, acha feni izunguke saa kadhaa iyeyuke. Jambo la pili ni bomba la maji yanayodondoka: mimina kikombe cha siki nyeupe kila mwezi, subiri nusu saa, suuza, la sivyo linaota ute na dari linalowa. La tatu ni hiki, kamera karibu: kopo la bati kama la maziwa ya mgando, linaitwa kapasita, linatunza umeme wa kuanzisha mota. Hii imekufa; mnaona kichwa kilivyovimba? Nzima huwa bapa. Mashine ya nje ikinguruma bila feni kuzunguka, mshukiwa wa kwanza ni huyu. Kumbadilisha ni kazi ya dakika kumi, lakini anatunza umeme hata ukizima swichi kuu, kwa hiyo kama hujui kumtoa chaji, mwite fundi.

Kwa mliotoka kambi za Nyarugusu au Kakuma mkapangishiwa hapa, shikeni hili: sheria ya mji wa Phoenix inataka nyumba ya kupanga yenye kiyoyozi iweze kupozwa hadi 82 Farenhaiti au chini yake, na yenye kipoza cha maji hadi 86. Piga picha ya kipimajoto ukutani, yenye tarehe, ndipo umwandikie mwenye nyumba. Kulalamika kwa mdomo hakuachi alama.

Sasa bastola. Tulieni, ni kipimajoto, kinasoma kwa mbali. Ukuta wa kivulini: 44. Zege la njia ya miguu juani: 60. Lami: 68. Kifungo cha mkanda wa kiti cha gari: 65. Kandambili za mpira hapo zinalainika, na mtu mzee akianguka kwenye lami hiyo anaungua kabla hajainuliwa. Mbwa atembezwe saa kumi na moja alfajiri au asitembezwe. Kabla ya kumwagilia mtoto kwa mpira wa bustani, mwaga kwanza maji yaliyolala ndani, yanaweza kuzidi nyuzi 50. Na mtoto haachwi kwenye gari hata dakika moja. Ndani ya dakika 10 joto la ndani linapanda kama nyuzi 11.

Betri ya gari nayo inakufa kwa joto, si kwa baridi. Hapa miaka mitatu ni ya kushukuru. Joto linaharakisha kutu ndani yake. Ikifika mwaka wa pili, ipimwe Mei, usisubiri Agosti ikuache sokoni na nyama kwenye buti.

Na lile la kukaanga yai barabarani? Yai linataka karibu nyuzi 70 kuiva. Zege halifiki, na ukilivunjia yai linapoa zaidi. Boneti ya gari jeusi ina nafasi nzuri kidogo. Kuna kijiji hapa Arizona, Oatman, kila Julai 4 wanashindana kukaanga yai kwa jua, na washindani wajanja wanakuja na vioo na lenzi.

Jikoni ukavu una raha zake. Mnaona kichupa hiki cha chumvi? Hakina punje za mchele ndani. Pwani bila mchele chumvi inakuwa jiwe. Hapa inamwagika kama mchanga mwaka mzima. Biskuti hazilegei, kanga inakauka kabla hujamaliza kuanika ya pili (igeuze ndani-nje, jua linakula rangi). Lakini chapati ukiisahau wazi robo saa umepata kigae. Unga wenyewe umekauka, kwa hiyo ongeza kijiko kimoja au viwili vya maji kuliko ulivyozoea, na madonge yafunike kwa kitambaa kibichi, la sivyo yanaota ngozi na chapati inapasuka pembeni.

Halafu Julai hewa inageuka. Wanaita monsuni, na kwenye kalenda inaanzia Juni 15 hadi Septemba 30. Neno hilo lilitoka kwenye mawsim ya Kiarabu, ndiko tulikopata msimu. Mawingu yakiporomoka yanasukuma mbele ukuta wa vumbi, unaitwa habubu, Kiarabu tena, kutokana na kuvuma. Ule wa Julai 5, 2011 ulikwenda juu zaidi ya mita 1,500. Mwaka huo wasomaji wengine wa magazeti ya hapa walilalamika: kwa nini tutumie neno la Kiarabu jangwani kwetu? Hawakulalamikia monsuni.

Ukikutwa na habubu ukiendesha, toka nje ya lami kabisa, mbali uwezavyo. Zima taa zote, hata zile za kuwakawaka, vuta handibreki, toa mguu kwenye breki. Najua sisi tumezoea kuwasha taa za hatari kwa kila kitu, hata mvua. Hapa aliye nyuma haoni barabara, anafuata taa nyekundu akidhani unaendelea kwenda, anakuja kukuingia kwenye buti.

Wiki hizo kipoza cha kinamasi kinashindwa, pedi nzima lakini hewa imeshiba, na yule jirani mtamsikia akikilaani. Mvua ikipiga jangwa, kichaka kinachoitwa kreosoti kinatoa harufu ya utomvu wa majani yake, kama lami na majani mabichi kwa pamoja, na watu wazima wanatoka barazani kunusa…

Haya, onyo la joto limetokea kwenye skrini. Wala siiweki kwenye friza, msinishauri. Umande utaingia ndani nikose simu kabisa. Inatolewa kava, inawekwa kivulini mbele ya feni, na maswali ya kapasita nitayajibu ikipo