Keria ya Gerezani Nayo ni Orijino

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu mliokaa mbele, nanyi vijana mliopanga magari yenu hapo nje, habari za jioni. Sitaeleza gari la zamani ni gari gani. Mngekuwa hamjui msingefika. Naingia moja kwa moja kwenye jambo ninalolisema kila nikipewa kipaza sauti, na nitalisema mpaka tulisikie.

Kuna wanaotaka gari lirudi kama lilivyotoka kiwandani, mpaka skrubu ya mwisho. Kuna wanaosema gari langu, hela yangu, nitafunga rimu za inchi 18 na rangi nitachagua mwenyewe. Hawa wawili wamegombana miaka, na wote wamesahau kwamba gari lenyewe limeishi hapa. Limepita Morogoro Road kabla hatujazaliwa baadhi yetu. Lina maisha ya Dar es Salaam ndani yake, na hayo ndiyo tunayoyatupa jalalani.

Ililetwa gereji Peugeot 404, stesheni wagoni, imekaa Upanga chini ya mwembe muda mrefu. Mwenyewe kairithi kwa marehemu baba yake. Kaja na picha za Ufaransa, kazichapa vizuri kwa rangi, na agizo lake la kwanza likawa: ng'oa keria ya kubebea mizigo juu ya paa.

Nataka mwione hiyo keria. Imetengenezwa kwa bomba la maji la nusu inchi. Miguu imepindwa kwa moto ikae sawasawa kwenye mfereji wa maji ya mvua pembeni mwa paa, na chini ya kila mguu fundi ameweka kipande cha tyubu ya baiskeli ili bomba lisile rangi. Boliti hazifanani: mbili za namba 13, nyingine namba 14, moja ina kichwa cha kizamani cha inchi. Kwa nini? Kwa sababu aliyeifunga alifunga alichonacho. Nikamwambia yule kijana, kabla hatujagusa kitu, nenda kamuulize shangazi yako. Shangazi akasema ilichomelewa Gerezani, kule kwa mafundi hapa Dar, mwaka 1981, na juu yake yamepanda magunia ya machungwa ya Muheza, godoro la harusi, na siku moja jeneza.

Wazee mnaukumbuka mwaka 1981. Vita vya Kagera vimeisha miaka miwili nyuma, fedha za kigeni hakuna, spea hakuna, na Jumapili mchana gari binafsi halitoki. Bushi zilichongwa kwa mpira wa tairi. Fundi alikuwa anatazama kitu kilichovunjika, anakipima kwa macho, anakitengeneza kwa chuma cha kitu kingine, na gari linatembea. Kazi ile ilikuwa ya akili nyingi, na aliyeifanya hakuandika jina lake popote. Aliandika kwenye keria.

Narudi siku ya tatu, keria imeuzwa skrepa kwa kilo. Gari sasa linang'aa, limevikwa urembo mpya ulioagizwa Ulaya, zuri kabisa. Limerudishwa Sochaux, kiwandani kwake Ufaransa, ya miaka ya sitini, na kila kitu lilichopata tangu liliposhuka bandarini kimefutwa. Mnaniuliza kwa nini nakasirika! Picha za Ufaransa zipo maelfu. Keria ile ilikuwa moja.

Najua kuna mtu hapo nyuma anasema: basi mzee, na kutu nayo ni historia? Na waya uliofungia bampa? Hapana. Tusichanganye fundi aliyetatua tatizo na fundi aliyelipua. Kilo tatu za pati ya kuzibia juu ya bati lililooza, hiyo ng'oa leo leo, chumvi ya bahari hii ikipata njia chini ya pati haina mchezo. Namna ya kutofautisha ni rahisi: tazama weldi. Tazama kama aliyefanya alifikiria mvua itapita wapi. Kile kipande cha tyubu chini ya mguu wa keria kinakwambia yote.

Mwingine ataniambia, mbona Makumbusho ya Taifa pale mtaa wa Shaaban Robert magari ya viongozi yametunzwa bila kuongezwa kitu? Ndiyo, na yaachwe hivyo hivyo. Lakini jiulize watoto wa shule wanapelekwa kuyaona kwa nini. Wanaenda kwa sababu ya waliopanda humo na kazi waliyokuwa wakienda kuifanya. Gari la baba yako nalo lina waliolipanda.

Na nyinyi wa kambi ya kiwandani, mnaojua namba ya rangi kwa kichwa, hicho kiwanda chenyewe hakikuwa na usafi mnaoupigania. Land Rover ilipotoka mwaka 1948 ilikuwa na bodi ya aluminiamu kwa sababu Uingereza baada ya vita chuma kilikuwa cha mgawo. Ile kijani mnayoiabudu ilikuwa rangi ya kijeshi iliyobaki. Walitumia walichonacho, kama yule wa Gerezani. Dereva wetu Bert Shankland aliposhinda mbio za magari za Safari Rally mwaka 1966 na 1967 kwa 404, gari lake halikuwa kama lilivyo kwenye katalogi. Magari ya Safari yalifungwa taa za ziada na bamba la kukinga injini chini. Mtu wa Dar aliyefunga taa mbili za ziada kwenye Pijo yake wakati ule alikuwa ndani ya enzi yake kabisa. Ukizikuta, ziache.

Vijana, sijawasahau. Mapenzi yako siyapingi, gari lisilompendeza mwenyewe huishia kuuzwa. Funga rimu zako, weka redio yako, shona viti vyako kwa kitambaa unachotaka. Ninachokataza ni grenda. Ukikata fenda ili tairi pana lisiguse, umemkatia na atakayekuja baada yako. 404 gia yake iko kwenye usukani. Ukitoboa sakafu ili uweke ya chini, tundu lile halizibiki likawa kama halikuwepo. Kinachofunguliwa kwa spana fanya. Na ulichofungua kisiende skrepa: kipake grisi, kifunge kwenye gunia, andika kwenye kadibodi kimetoka wapi.

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo haya nayapitisha haraka. Breki na mikanda: hapo uhalisia ukae pembeni, Mandela Road ya leo ina malori, weka breki za diski kama zinaingia bila kukata. Petroli ya risasi iliondolewa nchini kwetu na katika nchi jirani kufikia 2006. Risasi ile ndiyo iliyokuwa ikilinda siti za valvu, kwa hiyo ukifungua silinda hedi ya zamani, mwambie fundi aweke siti ngumu, hakuna atakayeziona. Injini ya dizeli ya Toyota kwenye Landrova, hilo lina mhadhara wake, ila ile ya zamani usiiuze, na mkumbuke namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari.

Rangi nilitaka niiseme kwa kirefu, basi itoshe hivi: kabla hujapiga, toa kapeti la buti na utazame nyuma ya dashibodi, rangi ya kwanza mara nyingi bado ipo huko. Piga picha, kisha uamue mwenyewe. Na yule mwenye Landrova ya bluu iliyoegeshwa karibu na geti, ile ngazi ya nyuma iliyochomelewa kwa nondo, naomba usiondoke kabla hatujazungumza.