Kabla ya Kulaumu Mashine, Soma Waya

Assalaam alaykum wazee wangu, manahodha, na nyinyi vijana wa boti za faiba mliokaa karibu na mlango ili mtoroke mapema. Nimepewa nusu saa niseme juu ya mashine za kutafutia samaki. Wanaonijua wanajua nitakalosema. Nimelisema Tumbe, nimelisema Mkoani, na juzi hapa Wete bandarini muuza kahawa alinimalizia sentensi yangu mwenyewe. Basi nalisema tena: masafa uliyochagua kwenye menyu ya mashine, yaani sauti itetemeke mara ngapi kwa sekunde, yawe yale yale yaliyoandikwa kwenye waya wa transdusa.

Transdusa ni kile kidude cha chini ya boti. Wengine mnakiita jicho, na jina hilo ndilo linalotuponza. Jicho unalielekeza popote nalo linaona. Kile kidude hakioni kitu. Kinapiga kelele, kinanyamaza, kinasikiliza mwangwi. Ndani yake mna kigae cha kauri. Ukikipa umeme kinatetemeka, na mwangwi ukirudi ukakitetemesha, nacho kinatoa umeme. Unene na umbo la kigae ndivyo vinavyoamua kitetemeke vipi.

Mwangalieni muuza kahawa anavyopita jioni akigonganisha vikombe. Agonge polepole, agonge kwa nguvu, kikombe kina mlio wake mmoja. Hata umlipe mara mbili, hakitalia kama birika. Sasa wewe unaingia kwenye menyu, unachagua kilohezi 50, yaani mitetemo elfu hamsini kwa sekunde, na kigae chako kimetengenezwa kwa 83. Mashine ni mtumwa, inatii, inapeleka 50. Kigae kinajikongoja, umeme mwingi haugeuki kuwa sauti, na kinachoshuka majini ni mnong'ono. Mwangwi wa mnong'ono mtausikia vipi? Na mashine haikwambii "nahodha, umekosea". Inachora tu, potelea mbali.

Kuna nahodha mmoja, simtaji jina kwa sababu yumo humu ndani na ameshaanza kucheka. Alinunua kioo, ile mashine yenyewe ya kutazamia, cha mkono wa pili kwa mtu mmoja Unguja, transdusa akanunua kwa mwengine. Plagi ikaingia. Akafurahi, akafunga, akatoka. Mpaka kisiwa cha Misali mambo mazuri: mwamba unaonekana, mchanga unaonekana, hata vibua anawaona wamejikusanya kama wingu. Akavuka Misali. Nyote mnajua maji ya upande ule yanavyoporomoka. Ikasoma mita 60, ikasoma 90, halafu mstari wa chini ukaanza kukatikakatika, namba ikawa inapepesa. Mara ikasoma 4. Mita 4! Kijana wa omo, kule mbele ya boti, akakimbia kuchungulia mwamba. Maji meusi ti. Nahodha akazima injini, akatia mshipi, chubwi, ile risasi ya mshipi, ikawa inashuka, inashuka, mpaka mshipi ukamalizika mkononi.

Aliniletea mashine imefungwa kwenye kanga kama mtoto mgonjwa. "Fundi, hii ina jini." Nami, niseme ukweli, siku hiyo sikuwa na akili kumshinda. Nilifungua kioo, nikapima umeme wa betri, nikasafisha pini za plagi, nikabadilisha fyuzi ambayo haikuwa na kosa lolote. Siku mbili! Siku ya tatu nilikuwa nakunja waya niuweke pembeni, kidole kikagusa kitu kigumu karibu na plagi, kimefungwa utepe mweusi na juu yake kimepakwa deheni, yale mafuta ya kupaka chombo. Nikabandua, nikafuta kwa mafuta ya taa. Kikaratasi cha plastiki. Kimeandikwa 83/200. Nikawasha kioo, nikafungua menyu: 50/200.

Mmeona? Kwenye 200 kioo na transdusa vinakubaliana, ndiyo maana penye maji machache alikuwa anaona mpaka vibua. Kumbe kila akifika maji marefu anabadilisha kwenda 50, kwa kuwa ameambiwa maji marefu ni masafa ya chini. Aliyemwambia hakukosea. Ila kigae chake hakina 50! Na zile mita 4 ni kelele za karibu, povu na mtikisiko wa maji ya juu. Mashine ilipokosa chini ikashika kilichokuwepo. Tukaweka 83, tukatoka pamoja, na mstari wa chini ukaja nasi bila kukatika mpaka tukapita mita 150. Akanigeukia: "Siku mbili, fundi, kwa namba moja?" Nilimlipisha nusu.

Sasa najua mtasema: lakini plagi iliingia. Jamani, plagi ni umbo. Kiatu cha mwenzio msikitini nacho huingia mguuni.

Mwengine atasema mashine mpya zinaitambua transdusa zenyewe. Kweli, zipo zenye kitambulisho ndani, kioo kinakisoma na kujipanga. Lakini hebu nitajieni, humu ndani nani amenunua vyote viwili vipya, kwenye boksi moja, na hajaukata waya kuurefusha? Mikono siioni.

Na yule mzee wa kila mkutano, anayesema babu zetu walivua bila mashine. Babu zetu walikuwa na bildi, mzee wangu. Kamba na risasi. Na babu yako hakutia bildi ya pima kumi kwenye maji ya pima mia halafu akasema bahari haina chini. Alijua kamba yake ina urefu gani. Namwomba mjukuu wake naye ajue waya wake una namba gani, basi.

Haya, ipi ni ipi. Sauti majini huenda kama mita 1,500 kwa sekunde. Kwenye kilohezi 200 wimbi moja lina milimita saba na nusu, punje ya mbaazi. Kwenye 50 lina sentimita tatu, urefu wa tende. Wimbi dogo linachora vitu vidogo na kumtenga samaki na mwamba alioulalia, lakini maji ya chumvi hulila upesi, halifiki mbali. Wimbi kubwa linafika mbali, ila picha yake nzito. Kwa hiyo mkondo wa Unguja na Bara, ambao sehemu kubwa ni makumi machache tu ya mita, 200 inakutosha. Huku kwetu, mkondo wa Pemba unashuka mamia ya mita. Ukimtaka chewa wa maji marefu, ukae na masafa ya chini, na uwe na kigae chake.

Na upana wa sauti inayoshuka. Transdusa ya kawaida ya 50/200 kwenye 200 ina pembe kama nyuzi 12, kwenye 50 kama 45. Penye mita 30, hiyo ya kwanza inamulika duara la mita 6 chini, ya pili karibu mita 25. Kwa hiyo samaki "aliye chini yako" kwenye 50 anaweza kuwa mita 12 ubavuni, na unamtupia mshipi anakucheka.

Muda unakwisha, naona mwenyekiti anaangalia saa. Zile mashine zenye picha safi kama fotografia, za kilohezi 455 na 800: nzuri kwenye miamba, maji marefu usiziulize. Zile zinazopiga masafa mengi kwa pigo moja, kutoka chini kupanda juu, nazo zinataka transdusa yenye uwanja huo huo. Boti mbili zikivua jirani na masafa yale yale, kioo kitajaa mistari, mmoja abadilishe. Suala la povu nyuma ya injini tuliache, ni mhadhara mzima. Deheni na rangi ya mafuta msipake usoni mwa transdusa, nawaomba kwa Mungu. Nimeona transdusa imepakwa ikawa nyeupe kama keki ya harusi, mwenyewe analalamika haoni samaki.

Nani kaleta waya wake? Wewe, kijana wa mlangoni, uliyetaka kutoroka. Njoo nao. Hapana, si huku, upande wa plagi. Umeandikwa ngapi? Futa chumvi kwanza. Futa, futa... Mia mbili na nini?