Mkurugenzi Asianze: Mhadhara kwa Maafisa Uhusiano Kuhusu Video za Taasisi

Itifaki imezingatiwa, kwa hiyo niingie kazini. Kila mmoja wenu hapa ana video ofisini kwake ambayo hajawahi kuitazama hadi mwisho mtu yeyote asiyelipwa mshahara na ofisi hiyo. (Kicheko.) Msione haya. Nyingine nimezitengeneza mimi.

Mnaijua ilivyo. Nembo inazunguka, droni inapita juu ya paa, sauti nzito inasema "taasisi yetu ilianzishwa mwaka…", halafu mkurugenzi mezani, bendera pembeni, anasoma. Dakika kumi na mbili.

Miaka kadhaa nyuma niliitwa na chama kimoja cha akiba na mikopo, nisikitaje. Shida yao ilikuwa ndogo na ya wazi: fomu mpya ya mkopo ilikuwa inarudishwa kila siku kwa kujazwa vibaya. Tukaketi kikao. Mwenyekiti akaingizwa, maana utamwachaje? Makamu naye akaingia. Historia ya chama ikaingia. Siku ya kushuti umeme ukakatika, jenereta likawashwa nyuma ya dirisha, na mwenyekiti akaongea kama yuko ndani ya mashine ya kukoboa. Video ikatoka dakika kumi na nne, fomu ikapata sekunde arobaini. Fomu zikaendelea kurudi.

Nilipokwenda kufuatilia malipo yangu, nikasimama kwenye foleni dirishani. Mbele yangu mama mmoja kakwama na fomu. Dada wa dirishani akaweka kidole kwenye mstari wa mdhamini, akamwambia: "Mama, hapa usijiandike wewe. Mwandike yule atakayelia na wewe ukishindwa kulipa." Mama akacheka, akaandika. Kesho yake nilirudi na kamera peke yangu, nikamrekodi yule dada: kidole, fomu, sauti yake. Dakika moja na nusu. Hiyo ndiyo wanachama walirushiana kwenye magrupu ya WhatsApp, na wala hakuna aliyeniuliza mwenyekiti yuko wapi.

Sasa mimi kabla ya kugusa kamera namdai mteja sentensi moja: nani ataitazama, na akimaliza afanye nini? Akinipa sentensi tatu, hiyo ni kazi ya video tatu. Safaricom walipozindua M-Pesa Kenya mwaka 2007, wangeweza kutueleza mawakala, menyu, mitambo. Waliloliweka mbele ni moja: tuma pesa nyumbani. Kijana yuko Nairobi, mama yuko kijijini, basi, kila mtu kaelewa.

Na lugha, jamani. Kati ya 1935 na 1937, Vugiri huko Usambara, Waingereza waliendesha mradi wa filamu za mafunzo, Bantu Educational Kinema Experiment. Fikra zao za kikoloni tuziweke kando kwa leo. Picha zilikuwa bubu, maelezo yako kwenye santuri, filamu inasafiri kwa lori. Wakifika kwa watu wa lugha nyingine wanabadilisha santuri. Karibu miaka tisini imepita, na mimi bado naletewa skripti ya Kiingereza ya kuwaeleza wakulima wa kahawa wa Mbozi namna ya kuanika kahawa yao.

Mambo ya ufundi nitayapitia haraka, isipokuwa sauti. Mtu atavumilia picha yenye giza. Sauti ya kukwaruza hamalizi nayo nusu dakika. Maikrofoni ya kubana kwenye kola ni ya lazima. Zima feni, zima kiyoyozi. Chomoa friji ya soda, na funguo za gari lako ziache ndani ya friji hiyo, ili usiondoke kabla ya kuichomeka tena. (Kicheko.) Ndiyo, mimi niliwahi kuozesha maziwa ya watu.

Picha ikipepesa chini ya taa za tyubu, msimlaumu fundi umeme. Umeme wetu ni hezi 50, na simu nyingi huja zikiwa zimewekwa fremu 30 kwa sekunde. Weka fremu 25, na shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, sekunde 1 kwa 50, kupepesa kutaisha. Anayetazamia kwenye simu mshutie wima. Na weka maandishi chini, kwa sababu yule aliyesimama kwenye daladala hana spika za masikioni, na akiwa muungwana hatafungulia sauti.

Swali? Ndiyo, dada wa nyuma… Anauliza, bosi aking'ang'ania awemo je?

Mtengenezee yake. Ya mkutano mkuu, na droni, na bendera, nembo izunguke mpaka achoke mwenyewe. Gharama yake iandike kwenye ankara tofauti. Ya wanachama asiiguse.