Raba Moja Kijani

WAFULA: Wasikizaji, mnajua huyu dada na raba zake nyeupe, zile za kusuguliwa na mswaki kila Ijumaa. Jumamosi alienda Dunga, pale ufuoni mwa Ziwa Victoria, kula samaki, akateleza pale mbao za maboti, chubwi!

ACHIENG: Mguu wa kushoto tu.

WAFULA: Kwa hivyo leo amekuja na moja nyeupe, moja kijani.

ACHIENG: Aki maji yalikuwa mazito kama rangi ya geti, nikatoa mguu na utando kama uji uliolala. Nimetumia sabuni ya unga, nimetumia ndimu, wapi.

WAFULA: Si uianike ijipikie lanchi.

ACHIENG: Cheka tu, lakini huo ukijani ni viumbe, sayanobakteria. Anashika mwanga wa jua, anapasua maji, anachukua kaboni ya hewani anajitengenezea sukari, oksijeni anatupa nje kama makapi. Na hao ndio walianza kujaza oksijeni kwa hewa ya dunia, miaka kama bilioni 2.4 iliyopita, kabla hata mti mmoja haujaota.

WAFULA: Fundi wa jua kali wa kwanza! Hana kibanda, hana leseni ya kaunti.

ACHIENG: Hiyo nakupa.

WAFULA: Basi na wa baharini pia ni jua kali. Kuna bakteria walijulikana 2000, wako na protini inaitwa proteorodopsini, mwanga ukiipiga inasukuma protoni, chembe ndogo zenye chaji, nje ya seli, sasa zikirudi ndani zinazungusha kimtambo cha kutengeneza nguvu, vile maji yanazungusha mitambo ya stima pale Sondu Miriu. Na kinachoshika mwanga ni retinali, ile ile iko kwa macho yako ukiangalia hiyo raba.

ACHIENG: Wacha raba. Huyo si jua kali, huyo anachaji simu. Kaboni hashiki, chakula bado anaokota kwa maji.

WAFULA: Kwani fundi wa soko la Kibuye halagi ugali wa kununua?

ACHIENG: Fundi anachukua bati anakupa jiko. Huyu wako amekupa nini?

WAFULA: Nguvu! Chakula kikiisha hiyo chaji ndio inamshikilia, wengine inawasaidia kuishi wakati wa njaa.

ACHIENG: Kuvumilia njaa si kazi, Wafula.

WAFULA: Ambia mtu wa tarehe 28 hivyo.

ACHIENG: Sikubali.

WAFULA: Hata mimi. Ati tumebakisha dakika ngapi? Mbili? Na watu wa kwaya wako mlangoni. Si tuliahidi mambo matatu kuhusu maji ya kijani?

ACHIENG: Moja haraka: yakiwa na sumu ya hao sayanobakteria, kuchemsha hakuitoi, msimpe mtoto wala ng'ombe. La pili, mbolea na maji taka tunayomwaga ziwani ndiyo... eh, wanaingia na kinanda.

WAFULA: Wiki ijayo basi. Na hiyo raba?

ACHIENG: Nauza. Saizi 39.

WAFULA: Zote mbili ama ile ya sola pekee?

ACHIENG: Zima maiki.