Manu Dibango: Mdomo wa Bata Ndani ya Bendi

Wapenzi wa muziki, karibuni.

Leo tunamzungumzia Emmanuel N'Djoké Dibango, ambaye dunia ilimjua kama Manu Dibango. Alizaliwa Douala, Cameroon, tarehe 12 Desemba 1933, akafariki Ufaransa tarehe 24 Machi 2020 kwa ugonjwa wa Covid-19, akiwa na miaka 86. Wengi wakisikia jina lake hukumbuka wimbo mmoja, Soul Makossa, na kesi zilizofuata. Tutafika huko, na tutakaa huko kwa muda. Ila hoja yangu ni kwamba Dibango alikuwa mpangaji wa muziki kwanza, mpulizaji baadaye. Kabla hajaweka mdomo wa bata, yaani saksafoni, kinywani alikwisha kujua besi itasema nini, gita la solo litaingia wapi, na yeye anyamaze lini. Nguvu ya muziki wake iko hapo, na ndiyo maana kipande chake kidogo cha sauti kimechukuliwa na watu wengi kuliko solo ndefu za wapulizaji waliokuwa na vidole vyepesi kuliko vyake.

Maisha ya utotoni nitayapitia haraka. Baba alikuwa mtu wa Yabassi, mama Mduala, wote Waprotestanti, na nyimbo za kanisani ndizo zilizomfundisha sikio. Mwaka 1949 alipelekwa Ufaransa kusoma, akiwa na miaka 15, amebeba kilo tatu za kahawa za kuwalipa wenyeji wake; baada ya vita kahawa ilikuwa adimu na yenye thamani kubwa. Alifikia Saint-Calais, kisha akasoma Chartres na Reims. Piano aliijua kabla ya saksafoni. Katika miaka hiyo alikutana na Mcameroon mwenzake Francis Bebey, wakaanza kupiga jazz pamoja. Mtihani wa mwisho wa sekondari ulimshinda, baba akakata fedha, naye akahamia Brussels mwaka 1956 kutafuta riziki kwenye vilabu vya usiku.

Brussels ndipo njia ilipogeuka. Mwanzoni mwa 1960 viongozi wa Kongo walikuwa mjini humo kujadili uhuru wa nchi yao, na bendi ya African Jazz ya Joseph Kabasele ilikuwapo kuwatumbuiza. Dibango alikuwa anapiga katika klabu ya Les Anges Noirs. Kabasele alimsikia, akamchukua kurekodi naye, na mwaka 1961 Dibango akaenda Léopoldville, Kinshasa ya leo. Alikaa huko hadi 1963, akaendesha klabu, na mwaka 1962 akatoa Twist à Léo.

Hapa naomba tusimame, kwa sababu miaka hii huandikwa mistari miwili tu katika habari zake, na kwangu ndiyo shule yake kubwa. Fikirini mpulizaji aliyelelewa na rekodi za Louis Armstrong na Sidney Bechet anaingia bendi ya rumba. Katika jazz ya Marekani aliyoijua, wimbo hutajwa, kisha kila mmoja hupata zamu ya kubuni, kisha wimbo hurudiwa. Katika rumba ya African Jazz, utawala ni wa sauti ya mwimbaji na gita la Docteur Nico. Mpulizaji anayejaza kila nafasi humkaba mwimbaji na kulifunika gita. Kazi yake ni kujibu: mwimbaji anamaliza mstari, saksafoni inajibu kwa noti nne au tano, inaacha pumzi, inarudi. Sebene, ile sehemu ya magita na kucheza, ikifunguka, anashika kifungu kimoja kifupi na kukirudia, akibadili mahali pa kukianzia badala ya kubadili noti. Dibango alijifunza nidhamu hiyo Léopoldville, na mtaisikia katika kila alichofanya baadaye.

Kuna pia mambo ya chombo chenyewe, ambayo wapulizaji wa bendi zetu za dansi, kuanzia Orchestra Maquis ya Dar es Salaam hadi Les Mangelepa wa Nairobi, wanayajua kwa mateso. Magita hupenda funguo za E, A, D na G, kwa sababu nyuzi zilizo wazi ziko huko. Saksafoni haziko huko. Alto, saksafoni ndogo, ni chombo cha E-flati: mpulizaji akipiga noti anayoisoma C, inasikika E-flati. Tenor, iliyo kubwa zaidi, ni cha B-flati. Bendi ikipiga C, alto anasoma A na tenor anasoma D. Bendi ikipiga G, alto yuko kwenye E yenye shapu nne, yaani noti nne zilizopandishwa nusu. Ikipiga A, yuko kwenye F-shapu yenye shapu sita, na ikipiga E, yuko kwenye C-shapu yenye shapu saba. Anayeanza akitumbukia huko vidole vinagongana, anaanza kuruka noti, na watu wanadhani hana mdundo. Tatizo ni hesabu. Dawa rahisi ni mpiga gita kubana kapo, kile kibanio cha nyuzi, kwenye kigawanyo cha kwanza cha shingo: vidole vyake vinabaki kwenye umbo la E, sauti inatoka F, alto anakwenda D yenye shapu mbili, tenor anakwenda G yenye shapu moja. Dawa ya kudumu ni mazoezi ya ngazi zote kumi na mbili. Dibango, mtu wa piano, aliweza kuwaza katika ufunguo wa bendi na kuuhamisha kichwani. Ndiyo sababu nawasihi wapulizaji vijana wajifunze angalau kinanda kidogo.

La pili ni joto. Hewa ndani ya saksafoni ikipata joto, sauti hupanda. Nyuzi za gita zikipata joto hulegea, sauti hushuka. Kwa hiyo bendi iliyosawazisha vyombo saa mbili usiku ukumbi ukiwa baridi, saa nne ukumbi umejaa watu wanacheza, vyombo hivyo viwili vimeachana kuelekea pande tofauti. Mpulizaji avute mdomo wa chombo nje kidogo kwenye koki, lile gome laini linalozunguka shingo ya chombo, milimita moja au mbili kwa wakati, na mpiga gita apandishe nyuzi. Bendi ikiwa na ogani, wote waifuate hiyo, maana haisogei. Kosa la kawaida ni mpulizaji kubana meno badala ya kuvuta mdomo wa chombo: sauti inapanda zaidi na kuwa nyembamba, midomo inachoka, na bado hajapatana na wenzake.

La tatu ni unyevu, na miji kama Douala, Mombasa au Tanga ni mkali kwa hili. Ridi, kile kipande chembamba cha mwanzi kinachotetemeka na kutoa sauti, ikiachwa ndani ya mdomo wa chombo usiku kucha huota ukungu na kupinda ncha. Itolewe, ifutwe, ilazwe juu ya kitu bapa ndani ya kasha lenye matundu. Uwe na ridi tatu au nne za kuzungusha, za ugumu namba 2 au 2½ kwa anayeanza, ili moja isichoke peke yake. Pedi ya G-shapu, yaani kifuniko cha tundu la noti hiyo, nayo hunata, kwa sababu kitufe hicho hukaa kimefungwa na kinategemea springi dhaifu kukifungua. Unabonyeza, sauti haitoki, na aibu inakupata jukwaani. Weka karatasi nyembamba safi chini ya pedi, ibane taratibu, iachie, kisha uitoe. Usitie poda. Poda huchanganyika na mate na kuwa gundi.

Turudi kwa mtu wetu. Mwaka 1963 alirudi Douala, akafungua klabu, ikamshinda; nchi ilikuwa na vurugu, na marufuku ya kutembea usiku huua biashara ya muziki kabla ya chochote kingine. Mwaka 1965 akawa tena Ufaransa, akifanya kazi nyuma ya waimbaji wa Kifaransa kama Dick Rivers na Nino Ferrer. Msidharau miaka hiyo. Huko ndiko alikojifunza soul na fanki kwa ndani, kama kazi ya kila usiku.

Mwaka 1972 Cameroon iliandaa Kombe la Mataifa ya Afrika. Dibango alitengeneza wimbo wa mashindano, ukawa upande A wa sahani ndogo. Upande B ulihitaji kitu, akaweka Soul Makossa. Cameroon ilitolewa nusu fainali na Congo-Brazzaville, na wimbo wa kombe ukafifia pamoja na matumaini ya wenyeji.

Sasa tuufungue upande B wenyewe. Una urefu wa takriban dakika nne na nusu. Chini kuna besi na gita la ridhimu vinavyozunguka kifungu kifupi bila kuhama. Makossa ni muziki na uchezaji wa Waduala, lakini ngoma hapa zimekaa kwenye fanki ya Marekani. Juu yake kuna sauti nzito ya Dibango inayosema karibu kwa kunong'ona, ikilikata neno makossa kama mwenye kigugumizi: ma-ma-ko, ma-ma-sa, mako-makossa. Na saksafoni? Inaingia na kifungu ambacho mtoto anaweza kukiimba akisikia mara moja, inaondoka, inarudi. Ni majibizano yale ya rumba yaliyohamishiwa sakafu ya disko. Neno limegeuzwa kuwa ngoma, kila silabi ni pigo. Ndiyo maana lilivuka lugha.

Lilivukaje kwa miguu? David Mancuso, aliyekuwa akiandaa dansi za The Loft mjini New York, aliipata sahani hiyo katika duka la rekodi za Karibi huko Brooklyn na kuanza kuipiga. Frankie Crocker akaichukua kwenye redio ya WBLS. Watu wakaitafuta madukani, haikuwapo, kwa kuwa ilitolewa Ufaransa na lebo ya Fiesta. Pengo hilo lilijazwa na waigaji: vikundi kadhaa vya Marekani vilirekodi matoleo yao upesi. Kampuni ya Atlantic ilipochukua leseni na kutoa rekodi halisi, mwaka 1973 ilifika nafasi ya 35 katika chati ya Billboard Hot 100. Dibango alipiga katika ukumbi wa Apollo mjini New York, na akasimama na bendi ya salsa ya Fania All-Stars kwenye uwanja wa Yankee Stadium.

Kisha mambo ya haki. Kila wimbo uliorekodiwa una mali mbili. Ya kwanza ni utunzi: maneno, melodi, kifungu. Ya pili ni rekodi yenyewe, sauti iliyonaswa siku ile studio. Michael Jackson, katika Wanna Be Startin' Somethin' ya albamu ya 1982, hakunakili rekodi ya Dibango; aliimba upya kifungu kile kwa kukibadili kidogo. Kwa hiyo aliyeguswa ni mtunzi. Dibango alidai, wakamalizana nje ya mahakama mwaka 1986. Mwaka 2007 Rihanna akatumia kifungu cha Jackson katika Don't Stop the Music. Ruhusa iliombwa kwa Jackson, akaitoa, na mwenye asili hakuulizwa. Mwaka 2009 Dibango akafungua madai Paris, na mahakama ikasema hayapokeleki: mwaka uliotangulia alikwisha kukubaliwa ombi la jina lake kutajwa katika matoleo ya Ufaransa, na hapo akawa ameacha madai mengine.

Hili linaniuma, lakini lazima tulisome kwa makini. Kosa la kwanza ni la muombaji, aliyeishia kwa mtu wa pili kwenye mnyororo. La pili ni la upande wa mdai, kukubali kitu kidogo mapema kwa maneno yanayofunga mlango wa kikubwa. Wanamuziki wetu wafanye hivi. Siku ya kurekodi, kabla hamjatoka studio, andikeni karatasi ya mgawanyo: majina kamili, nani katunga nini, asilimia zikijumlishwa zifike 100, sahihi na tarehe. Sajilini utunzi kwenye ofisi za hakimiliki, COSOTA kwa Tanzania, KECOBO kwa Kenya. Rekodi ipewe namba yake ya utambulisho, ISRC, yenye herufi na tarakimu 12. Utunzi upate yake, ISWC, inayoanza na T ikifuatwa na tarakimu 10. Hizi ni namba mbili za vitu viwili, na wengi wana ya kwanza tu wakidhani wamemaliza. Wimbo wako ukisikika redioni nje bila namba ya utunzi, mirabaha ya mtunzi hukwama. Dibango mwenyewe aliliona tatizo hili kutoka ndani: mwanzoni mwa miaka ya 2000 aliongoza CMC, shirika la kukusanya mirabaha nchini Cameroon.

Baada ya New York hakukaa kurudia alichopata. Kuanzia 1975 aliongoza okestra ya redio na televisheni ya Ivory Coast mjini Abidjan. Alitunga muziki wa filamu ya Ceddo ya Ousmane Sembène. Gone Clear ya 1980 alikwenda kuifanya Kingston na Sly Dunbar na Robbie Shakespeare, na katika Electric Africa ya 1985 yumo Herbie Hancock. Kwangu ile ya Kingston ndiyo bora kuliko zote za wakati huo. Rege inaacha nafasi nyingi, na huyu alikuwa mtu anayejua kuziacha zikae wazi. UNESCO ilimteua kuwa Msanii wa Amani mwaka 2004.

Sheria ya Ufaransa hulinda utunzi kwa miaka 70 baada ya mwaka wa kifo cha mtunzi. Soul Makossa inalindwa huko hadi mwisho wa 2090. Mtayarishaji anayetaka kukitumia kifungu kile aanze kwa warithi na mchapishaji wa Dibango kwa ajili ya utunzi, na akinakili sauti yenyewe aende pia kwa mwenye rekodi.

Sasa tutausikiliza wimbo wa Soul Makossa mara mbili. Mara ya kwanza fuateni besi peke yake. Mara ya pili hesabuni mapigo ambayo saksafoni imekaa kimya, kisha tutachukua maswali.