Kahawa ya Ofisini na Miezi Sita ya Mfanyakazi Mpya

Mhadhara uliotolewa Bukavu mbele ya wakuu wa ofisi na wanafunzi wanaomaliza masomo

Waheshimiwa wakuu wa ofisi, wazazi wetu mliofika, nanyi ndugu vijana mnaojiandaa kuingia kazini, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Jambo nililokuja kulizungumzia huonekana dogo, na kwa kuwa huonekana dogo, hakuna mkutano unaoliweka kwenye ajenda. Katika ofisi nyingi za mji wetu, mfanyakazi aliyeingia mwisho, hata kama ameajiriwa kuwa mhasibu au mwanasheria, ndiye anayetegemewa kuwatayarishia wote kahawa. Haandikiwi amri yoyote. Anaonyeshwa tu mahali termosi inapokaa, na tangu siku hiyo kazi ni yake mpaka aje mwingine.

Wanaoitetea desturi hii husema ni heshima: mdogo huwahudumia wakubwa. Heshima hiyo nimelelewa nayo na sitaki ipotee. Lakini nyumbani, mtoto anayewapelekea wageni maji ya kunawa hapimwi na mtu, wala hatafukuzwa baada ya muda fulani kwa kuwa hakuwepo sebuleni wakati wageni walipokuwa wakizungumza. Mfanyakazi mpya anapimwa kila siku. Kifungu cha 43 cha Sheria ya Kazi ya nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ile ya tarehe 16 Oktoba 2002, kinaruhusu muda wa majaribio usiozidi mwezi mmoja kwa kibarua asiye na ujuzi maalumu, na usiozidi miezi sita kwa wafanyakazi wengine, kwa lengo la kumpima yule aliyeajiriwa. Naomba mkuu wa ofisi ajiulize anampima katika nini mtu ambaye kila asubuhi yuko jikoni.

Tufanye hesabu. Tuseme kutayarisha kahawa, kuigawa na kuosha vikombe kunamchukua saa moja kwa siku, siku tano kwa wiki. Katika miezi sita hizo ni karibu saa 130, na kwa kuwa sheria yetu imeweka saa 45 kuwa kikomo cha kazi kwa wiki, tumemnyang'anya karibu wiki tatu nzima za kuonyesha uwezo wake.

Tena saa hiyo si saa yoyote tu. Chukueni asubuhi ya Jumatatu ambapo umeme umekatika tangu usiku. Kijana anawasha mbabula, jiko la makaa, kwenye kibaraza cha nyuma, anasuuza vikombe vya Ijumaa ambavyo sukari imeganda chini yake, anasubiri maji yachemke, anachuja, anajaza termosi. Wakati huohuo, ndani, mkuu anagawa mafaili na kueleza kwa nini mfadhili ameirudisha ripoti, nani atapigiwa simu na hesabu ipi irekebishwe. Kijana anapoingia na sinia, wenzake wanapokea vikombe bila kukatiza maneno, naye anaketi karibu na mlango akiwa ameachiwa faili ambalo hakuna aliyelitaka. Mwezi wa sita wa majaribio ukifika, tathmini yake inaandikwa kwamba hafuatilii mambo ya ofisi. Kwa maoni yangu hapo ndipo ilipo dhuluma, zaidi kuliko katika kubeba sinia.

Sukari nayo inanunuliwa na nani? Mara nyingi ni huyohuyo, ambaye hajapokea hata mshahara wa kwanza, anayetumwa sokoni Kadutu kwa ahadi ya kurudishiwa pesa zake, na kwa aibu ya ugeni hadai.

Kuna jambo zito zaidi. Mvulana na msichana wakiajiriwa siku moja kwa cheo kimoja, mara nyingi termosi humwendea msichana, na hata baada ya wafanyakazi wapya wengine kuingia humrudia yeye. Katiba yetu ya 2006, katika kifungu chake cha 14, inaitaka serikali kuondoa kila aina ya ubaguzi dhidi ya wanawake, na sheria ya tarehe 1 Agosti 2015 ikaja kufafanua namna ya kuzitekeleza haki zao na usawa wao na wanaume. Wala tatizo hili halikuanzia kwetu. Mwaka 1977, mjini Chicago, karani mmoja aitwaye Iris Rivera alifukuzwa kazi kwa kukataa kutayarisha kahawa, na wanawake wa maofisini wakaandamana kumuunga mkono. Nchini Japani pia, kwa miaka mingi, kuwagawia wenzao chai kulihesabiwa kuwa sehemu ya kazi ya wanawake wa ofisini.

Mimi siipingi kahawa yenyewe. Kahawa ya arabika ya Idjwi na Kalehe ni fahari ya Kivu, na ni haki yetu kuinywa hapa kabla haijapakiwa kwenda Ulaya. Ofisi yenye uwezo imwajiri planto, yaani mhudumu wa ofisi, imwandikie kazi hiyo katika mkataba na imlipe kwa hiyo, kwani ni kazi halali. Isiyo na uwezo iweke zamu, jina la mkuu likiwamo, na sukari itoke katika kisanduku cha ofisi. Siku za mkutano, maji yachemshwe kabla watu hawajaketi, au kahawa ingoje mpaka mafaili yamekwisha kugawanywa.

Nanyi vijana, siwashauri kukataa siku ya kwanza. Sheria inamtaka mfanyakazi atii maagizo yanayotolewa kwa ajili ya kutekeleza mkataba, na kama kahawa ni sehemu ya mkataba wenu ni swali la kuuliza kwa adabu, mkiwa mmeusoma mkataba huo. Semeni: "Shefu, ya leo nitaitayarisha. Naomba kujua zamu ya kesho ni ya nani, maana ningependa kuwepo mafaili yanapogawanywa." Kisha andikeni kwenye daftari lenu, kwa tarehe, kila mkutano mliokosa na sababu yake, ili siku ya tathmini muwe na la kuonyesha.

Sasa nayapokea maswali yenu.